Kikopo cha Grisi cha Camp Perry

Mwaka 1921, kwenye uwanja wa shabaha wa Camp Perry, ukingoni mwa Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, mkongwe wa mashindano ya bunduki hakukosa kikopo. Ndani yake mlikuwa na grisi nzito. Alipolala kifudifudi kwenye mstari, alichovya pua ya kila risasi humo, akaisukuma ndani ya bunduki yake ya Springfield, akalenga. Wageni waliiga. Ukimwona bingwa anapaka, nawe utapaka.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu neno. Kiswahili chetu kinaita risasi yale madini mazito ya kijivu, kikaita risasi kile kitu kizima kinachoingia bundukini, na hata kile kipande kinachoruka. Hapa risasi ni kitu kizima: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Kinachoruka nitakiita kichwa. Hadithi yenyewe imefichama pale kichwa kinaposhikana na shingo ya ganda, kwa hiyo tusivichanganye.

Grisi ile haikuwa ushirikina. Vichwa vya zama zile vilivikwa gamba la shaba iliyochanganywa na nikeli, na gamba hilo, likisuguliwa ndani ya mtutu kwa kasi kubwa, liliacha madonge ya metali yaliyogandamana na chuma. Mtutu wenye madonge hautupi sawasawa. Matundu mawili ya kwanza yanakaa pamoja, la tatu linahama, na mpigaji anaanza kuulaumu upepo. Kuyatoa kulihitaji dawa kali ya amonia, na dawa hiyo ikiachwa ikakauka ndani, mtutu unashika kutu. Grisi ilipunguza taabu yote hiyo. Wakongwe walikuwa na sababu yao, na ilikuwa sababu nzuri.

Serikali nayo ilikuwa na dawa yake. Kiwanda cha Frankford cha jeshi, mjini Philadelphia, kilitengeneza risasi za mashindano ya mwaka ule kwa vichwa vilivyopakwa utando mwembamba wa bati. Bati ni laini, na lilitazamiwa kuteleza mtutuni bila kuacha madonge. Wapigaji wakazibatiza risasi hizo jina la makopo ya bati.

Nazo zilikuwa risasi hodari. Ushahidi wake ni mzee mmoja, George Farr, raia wa miaka 62 kutoka jimbo la Washington. Katika shindano la Kombe la Wimbledon, shabaha ikiwa yadi 1,000, yaani mita 914, wengine walikuja na mitutu mizito, darubini juu ya bunduki, na risasi walizojichagulia madukani. Farr alikuja na Springfield ya kugawiwa, yenye vilengeo vya kawaida vya chuma, na makopo ya bati ya kugawiwa. Zamu yake ilikuwa ya jioni. Jicho la shabaha, lile duara jeusi la katikati, lilikuwa na upana wa sentimita 91, na kwa umbali huo ni nukta inayocheza kwenye mvuke wa ardhi. Aliipiga. Akaipiga tena. Aliendelea kuipiga mara 70 mfululizo huku mwanga ukififia, hadi giza lilipomshinda.

Kombe hakulipata, kwa kuwa sajini mmoja wa wanamaji alikuwa ameshampita kwa bunduki ya darubini. Lakini wapigaji wenzake walichanga fedha, wakainunua ile bunduki ya kugawiwa, wakampa awe nayo. Sidhani kuna medali inayoipita zawadi hiyo.

Sasa turudi kwenye kikopo. Wapigaji walionywa kwamba risasi hizi zisipakwe grisi, kwa sababu bati limeshaifanya kazi ile. Wapo waliosikia. Wapo pia waliosema moyoni kwamba wamepaka grisi miaka yote na hawajaona baya. Mazoea yana taabu, na mazoea yaliyowahi kukupa ushindi yana taabu zaidi. Wakachovya. Na bunduki, moja hapa na nyingine pale, zikaanza kupasuka mikononi mwa watu.

Aliyetuachia maelezo ya kina ni Julian Hatcher, ofisa wa silaha wa jeshi la Marekani, ambaye kitabu chake, Hatcher's Notebook, kilitoka mwaka 1947. Fundi redio yeyote wa mtaani atamwelewa upesi. Bati na shaba hupendana. Ndiyo maana lehemu hushika waya. Kichwa kilichopakwa bati kilikuwa kimebanwa ndani ya shingo ya ganda la shaba, na ndani ya maboksi, bila moto wala mkono wa fundi, vitu hivyo viwili vikaanza kushikana kama vilivyolehemiwa. Risasi iliyotoka kiwandani ikiwa na kichwa cha kung'oka kwa nguvu ya kawaida, baada ya kukaa ilihitaji nguvu iliyozidi hiyo mara kadhaa.

Hilo peke yake halikupasua bunduki. Baruti ikiwaka, shingo ya ganda hutanuka kidogo, na kutanuka huko hukiachia kichwa, hata kama kimeshikwa na bati. Nafasi ya kutanukia ni ndogo mno, ule upenyo kati ya shingo na ukuta wa chemba, yaani chumba cha bunduki kinachopokea risasi. Grisi iliyotoka kwenye kikopo ilijaa mle mle. Grisi nzito haibonyei ikawa ndogo. Ikishakosa pa kwenda ni kama ukuta. Basi shingo haitanuki, kichwa hakiachiliwi, na baruti imeshawaka. Shinikizo linapanda hadi chuma kinashindwa.

Na chuma chenyewe hakikuwa sawa kwa bunduki zote. Baadhi ya Springfield zilizotengenezwa kabla ya 1918 zilichomwa moto kupita kiasi wakati wa kufuliwa, na chuma chake kikawa cha kuvunjika kama kigae. Kwa nje huwezi kuitofautisha na nzima.

Mimi siwalaumu wapigaji peke yao. Kiwanda kilijua kuwa viwanja vimejaa vikopo vya grisi, kikatoa risasi isiyostahimili grisi, kikategemea onyo. Onyo linafanya kazi kwa msikivu tu. Lakini kosa la mpigaji ndilo linalorudiwa hadi leo, ndiyo maana nalisimulia. Alidhani usahihi ni kitu cha kuongezewa. Bati ni zuri, grisi ni nzuri, basi viwili pamoja vitakuwa vizuri zaidi. Hakujua kwamba Farr alikuwa ameshapewa kila alichokihitaji ndani ya boksi, mradi asiguse kitu.

Kwa anayeshika bunduki ya shabaha leo, grisi imepita, lakini tabia iko palepale. Mtu hununua mtutu wa bei kubwa, kisha anaulisha risasi za maboksi matatu tofauti aliyoyapata kwa bei nafuu, na kushangaa matundu yakitawanyika. Yadi 1,000 si mchezo: kwa bunduki kama ya Farr, kichwa kiko hewani karibu sekunde mbili, na kikitoka mtutuni na kasi iliyopungua asilimia 1 tu, kitaanguka chini zaidi ya sentimita 20 kuliko mwenzake. Mpigaji hana kosa, pumzi ameibana vizuri, kidole kimekwenda taratibu, na bado tundu liko chini. Kosa limetoka kwenye kipimo cha baruti.

Ndiyo maana wapigaji wa bunduki ndogo ya milimita 5.6, ile ya Olimpiki ya mita 50, ambako duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4, hawasemi wanatumia risasi ya kampuni fulani halafu wakanyamaza. Watakutajia namba ya toleo. Wanapeleka mtutu wao kiwandani, unafungwa kwenye mashine isiyotikisika, zinajaribiwa risasi za toleo hili na lile, kwa kuwa toleo linalokusanya matundu kwenye mtutu huu linaweza kuyatawanya kwenye mtutu wa jirani. Likipatikana linalopatana nao, wananunua la kutosha msimu mzima. Hawalipaki kitu.

Wewe ambaye hutafika kiwandani, fanya hivyohivyo kwenye uwanja wako. Pata aina tatu au nne zinazoruhusiwa kwa bunduki yako, weka kitako na mtutu juu ya mifuko ya mchanga, piga kumi za kila aina siku moja yenye hewa tulivu, upime mtawanyiko kwa rula. Usiangalie tundu moja zuri. Angalia lililo mbali. Na ukiona onyo limeandikwa ubavuni mwa boksi, usimuulize bingwa wa jirani kama ni la kweli.

Mwaka 1922 risasi za mashindano zilikuja na gamba jipya la shaba nyingi na zinki kidogo, ambalo halikuacha madonge yale. Utando wa bati ukaachwa, na grisi haikuwa na kazi tena. Mwaka huohuo lilianza kutolewa Kombe la Farr, kwa mpigaji anayeongoza kwa bunduki ya kawaida ya jeshi.