Uasi wa Kiraia na Haki za Walio Wachache

Uasi wa kiraia ni kuvunja sheria hadharani, bila silaha, kwa kuamini kwamba sheria hiyo ni dhalimu, na kuwa tayari kuadhibiwa. Mwizi hujificha, mwasi wa namna hii hutaja jina lake na kungoja askari.

Kwa jamii ya wachache njia hii ina uzito wa pekee. Kwenye kura hesabu haiko upande wao, na mara nyingi hata kura yenyewe hawana. Ndivyo walivyokuwa Wahindi wa Transvaal, Afrika Kusini, serikali ilipoandaa mwaka 1906 sheria ya kuwalazimisha kujiandikisha, kutoa alama za vidole na kutembea na cheti, mfano wa kipande kilichokuja kuwatesa Waafrika nchini Kenya. Tarehe 11 Septemba walikusanyika Johannesburg, pamoja na wakili Mohandas Gandhi, wakala kiapo kwamba hawatatii. Sheria ilipita mwaka 1907. Agosti 1908 walichoma vyeti vyao nje ya msikiti wa Hamidia. Hapo ndipo nguvu ya uasi huu inapoonekana: jela humtisha anayeikimbia, lakini haina la kumfanya anayekuja mwenyewe kubisha hodi.

Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuzitambua ndoa zisizofungwa Kikristo. Wanawake wa Kihindi wakaingia katika mapambano, na wachimba makaa ya mawe wa Kihindi wa mji wa Newcastle nchini humo wakagoma, kisha wakavuka mpaka wa Transvaal kwa miguu bila ruhusa. Mwaka uliofuata ndoa hizo zilitambuliwa, na kodi ya pauni 3 waliyotozwa vibarua waliomaliza mikataba ikafutwa.

Ushindi huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na ukuta. Gandhi alidai haki za Wahindi. Waafrika hawakuwemo, ingawa mwaka huohuo wa 1913 wanawake wao mjini Bloemfontein walifungwa kwa kukataa kubeba pasi. Nao Waafrika walikuwa wengi. Uchache basi si idadi ya vichwa tu, ni kukosa sauti panapotungwa sheria.

Mwaka 1952 Waafrika na Wahindi waliasi pamoja dhidi ya sheria za ubaguzi, na zaidi ya watu 8,000 walikamatwa. Safari hii watawala hawakulegeza kamba: mwaka 1953 walipitisha sheria iliyoruhusu kumchapa viboko yeyote atakayevunja sheria kwa nia ya kuipinga.