Kito Chenye Rangi Mbili na Ulimi Mmoja wa Muuzaji

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tuliitwa Mbumbuni, huko bara katika kaunti ya Makueni, kuhudhuria nikahi ya kijana wetu mmoja wa pwani afanyaye biashara ya nguo katika mji ule. Bibi arusi ni binti wa jamaa wa Kiislamu wakaao huko miaka mingi. Mahari ilikuwa pete ya dhahabu yenye kito, na kito hicho kilitajwa mbele ya mashahidi kwa jina na kwa sifa, ya kuwa ni aleksandraiti ya asili, iliyochimbwa Tanzania. Nikahi ikasomwa adhuhuri, na bibi arusi akavikwa pete yake, na kito kilikuwa kijani kama jani la mkunazi baada ya mvua.

Usiku umeme ulikatika, zikawashwa kandili. Mara tukasikia zogo katika nyumba ya wanawake. Kito kimekuwa chekundu! Bibi mmoja akasema hiyo ni alama ya hasidi aliyeingia nyumbani. Mwingine akasema pete ina mwenyewe, nasi twajua wote katika pwani yetu neno hilo lina maana gani. Pete ikavuliwa kidoleni, ikatiwa katika bakuli la maji, nasi tukaletewa bakuli hilo tulisomee.

Hatukulisomea. Tuliitoa pete, tukaikausha, tukangoja alfajiri, na jua lilipopanda tukawaonyesha kina mama kito kimerudi kijani. Kisha tukaingia chumba cha giza na mshumaa, kikawa chekundu tena, na kila aliyetaka alijaribu kwa mkono wake. Basi ni hasidi gani huyu aingiaye na mshumaa na kutoka na jua?

Maelezo yake ni mepesi, na yafaa kila mtu ayajue. Ndani ya kito hicho mna kiasi kidogo cha madini yaitwayo kromiamu. Madini hayo humeza sehemu ya nuru iliyo karibu na rangi ya manjano, na huiacha nuru ya kijani na nuru nyekundu zipite. Mwanga wa jua una ukijani na ubuluu kwa wingi, kwa hivyo jicho huona kijani. Mwanga wa mshumaa, wa kandili, na wa zile taa za zamani za waya uwakao una wekundu mwingi, kwa hivyo jicho huona nyekundu. Taa nyingi za siku hizi zenye mwanga mweupe hazikigeuzi sana kito, na ndiyo sababu nyumba ile haikuona kitu mpaka umeme ulipokatika. Hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu aliyeumba nuru na akaumba macho, na atakaye kustaajabu na astaajabie hapo.

Mtume wetu (S.A.W.) alivaa pete ya fedha yenye kito cha Kihabeshi, kwa hivyo hakuna awezaye kusema kuvaa kito ni haramu. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi, nalo ni jiwe la Al-Kaaba tukufu, alitangaza mbele ya watu kwamba yeye ajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau hakumwona Mtume akilibusu naye asingelibusu. Ikiwa hilo ndilo neno lake juu ya jiwe lile, tuseme nini juu ya kito cha dukani kiuzwacho kwa masharti ya kufukizwa ubani kila usiku wa Ijumaa? Wako wauzao hivyo, na wengine huvaa kilemba kikubwa kuliko chetu.

Tulirudi Mombasa pamoja na kijana, kwa kuwa jambo moja lilitutia shaka. Kito kilikuwa kikubwa, safi kabisa, hakina doa wala ufa, na bei aliyokinunulia, ingawa kwake ilikuwa akiba ya miaka mitatu, ilikuwa ndogo mno kwa kito cha namna ile kitokacho ardhini. Tukampelekea sonara mzee tumwaminiye. Akakitazama kwa kioo chake, akakitazama tena, akanyamaza. Kisha akasema maneno ya mtu mwaminifu, ya kwamba jicho lake haliwezi kukata shauri, na kipelekwe Nairobi kwa watu wenye vyombo vya kupimia. Kikapelekwa, na jawabu likaja: ni aleksandraiti kweli, lakini imekuzwa katika maabara.

Hapa yapasa tueleze, maana wengi hudhani kila kisichotoka ardhini ni chupa. Sivyo. Aleksandraiti ya asili iligunduliwa katika milima ya Ural, nchi ya Urusi, katika miaka ya 1830, ikapewa jina la mwana wa mfalme Alexander, aliyekuja kutawala kwa jina la Alexander wa Pili. Kwetu Afrika Mashariki imechimbwa karibu na Ziwa Manyara na huko Tunduru. Bonde la Umba, lililo Tanzania jirani na mpaka wa Kenya, hutoa garneti na yakuti ambazo baadhi yake nazo hugeuka rangi. Basi muuzaji akitaja Tanzania, ametaja nchi ambayo vito hivi vyatoka kweli, na uwongo wake umepanda juu ya mgongo wa ukweli.

Ama kutengeneza vito, si jambo la jana. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa unga uyeyushwao katika ndimi za moto. Kwa njia hiyo baadaye ikatengenezwa yakuti yenye madini ya vanadi, ambayo hugeuka kutoka buluu ya kijivu hadi zambarau, na kwa miaka mingi wasafiri wameuziwa hiyo kwa jina la aleksandraiti, nayo siyo hata kwa jinsi. Aleksandraiti yenyewe ya maabara ilianza kuuzwa katika miaka ya 1970. Huyeyushwa katika chungu kistahimilicho moto mkali, kisha huvutwa juu polepole kwa kijiti kizungukacho, nayo ikipoa yawa kito. Vilivyomo ndani yake ndivyo vilivyomo ndani ya kile cha mgodini, na kugeuka kwake rangi ndiko kule kule.

Je, kazi hiyo ni haramu? Twasema hapana. Wala kuuza si haramu, wala kuvaa, maadamu muuzaji asema: hiki kimetengenezwa. Tanzanaiti ya Merelani, iliyoanza kujulikana mwaka 1967, nyingi yake hutoka ardhini ikiwa ya rangi ya kahawia, hutiwa moto ikawa buluu, na wafanyao biashara hiyo hawafichani jambo hilo. Uharamu umo katika kuficha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akadai mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule umajimaji juu watu wauone, kisha akamtoa aghushiye katika hesabu ya watu wake. Nafaka ile ilikuwa nafaka ya kweli, haikuwa mchanga! Kwa hivyo muuzaji asijitetee kwa kusema kito chake ni aleksandraiti ya kweli. Mnunuzi alilipa kwa ajili ya uasili, na uasili haupo.

Wako wanafunzi wetu watakaotukumbusha mas-ala yaliyomo katika Fat-h ul-Muin, ya kwamba mtu akinunua chupa kwa kudhani ni johari hana hiari ya kurudisha, kwa kuwa amezembea, amefuata dhana yake asichunguze. Ni kweli, na mas-ala hayo ni adabu kubwa kwa wanunuzi. Lakini tazameni vizuri: hapo mnunuzi amejidanganya mwenyewe. Kijana wetu hakujidanganya. Alimwuliza muuzaji, na muuzaji akatamka kwa ulimi wake kuwa ni ya asili, akaandika hivyo katika hati, na mauzo yakafungwa juu ya sifa hiyo. Sifa iliyoshurutishwa ikikosekana, mnunuzi ana haki ya kurudisha mali na kurudishiwa fedha zake. Na hata pale ambapo sheria haimpi mnunuzi hiari, dhambi ya aliyejua akanyamaza haiondoki.

Kwa hivyo ndugu zetu, mnunuapo kito, ulizeni kwa maneno wazi, mbele ya shahidi: cha asili au cha kutengenezwa? Itakeni hati inayosema hivyo. Kikubwa kisicho na doa na kwa bei nafuu kitieni shaka, na katika vito viyeyushwavyo kwa moto sonara huweza kuona kwa kioo mapovu madogo au mistari iliyopinda kama mawimbi. Hicho cha kuvutwa ni kigumu zaidi kukitambua, nasi tumeona mzee wa miaka arubaini katika kazi akikiri hivyo bila haya. Sonara akwambiaye hajui, mshike huyo.

Lililobaki ni mahari. Kijana alituuliza kwa hofu kama nikahi yake imeharibika. Haikuharibika, nikahi ni sahihi, na mke ni mkewe. Lakini mahari iliyotajwa ilikuwa na sifa ambayo pete haina, basi haki ni ya mke. Akitaka ataishika pete kama ilivyo, na akitaka ataikataa adai mahari ya mfano wake, yaani ya wanawake walio sawa naye katika jamaa zake. Hakuna wa kumchagulia, si baba, si mume, wala si sisi. Tulimtaka mume amwambie mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla hajasikia kwa majirani, naye akapanda basi siku ile ile akaenda.

Muuzaji naye amekiri mbele yetu kwamba aliijua pete, ameahidi kurudisha fedha kwa mafungu mawili, na fungu la kwanza limekwisha kupokewa. Bibi arusi ameomba muda wa kufikiri. Pete iko kwa mamake Mbumbuni, ndani ya sanduku, haimo tena katika bakuli la maji.

Wallahu aalam.