Sitara na Hila

Kila kitu kilichoundwa kwa mkono wa mwanadamu kina pande mbili: upande uonwao na watu wote, na upande uonwao na fundi peke yake. Nyumba ina kuta na ina msingi; jahazi lina tanga na lina mkuku; gari lina rangi yake ing'aayo na lina tumbo lake lililoelekea ardhi. Sifa za watu aghalabu huishia katika upande wa kwanza, na usalama wao aghalabu hutegemea upande wa pili. Swali la insha hii latokana na hali hiyo. Fundi aufunikapo upande wa chini wa kitu, je, amekisitiri au amedanganya? Na ikiwa sitara na hila zafanana kwa sura, zatenganishwa kwa kipimo gani?

Mfano wa kwanza nautwaa katika jambo dogo la karakana: mabamba yafungwayo chini ya gari la mbio. Mtu akilala chali chini ya gari la kawaida ataona bomba la moshi, tangi la petroli, ekseli, mirija ya breki na vichwa vya boliti. Gari likienda, upepo upitao chini yake hujigonga katika vitu hivyo kimoja baada ya kimoja, hujizungusha kama maji yapitayo juu ya mawe, na kulivuta gari nyuma. Tena kizuizi cha upepo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kizuizi huzidi mara nne. Kwa hiyo gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupambana na nguvu ya upepo iliyo mara nne ya ile ilipatayo likienda kilomita 50. Ndiyo sababu wapenda mbio hufunga mabamba ya alumini, ya plastiki ngumu au ya nyuzi za kaboni, sakafu ya gari ikawa laini toka mbele hata nyuma. Na mwishoni huipandisha sakafu hiyo kidogo, ili upepo uliobanwa upate nafasi ya kutanuka na kutoka bila ghasia.

Kazi hiyo si pambo. Daniel Bernoulli, mwanachuoni wa Uswisi, alichapa mwaka 1738 kitabu kilichoeleza uhusiano wa mwendo wa maji na mkandamizo wake, na kanuni hiyo hiyo husaidia kueleza upepo upitao chini ya gari: ukienda kasi, mkandamizo wake hupungua, na gari hushikwa na ardhi. Mwaka 1978 Mario Andretti alitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya magari, na katika sehemu kubwa ya msimu ule aliendesha Lotus 79, gari ambalo nguvu yake kubwa ilikuwa katika umbo la tumbo lake. Watazamaji waliona rangi nyeusi na dhahabu. Ushindi ulikuwa chini, mahali ambapo macho yao hayakufika. Basi kazi isiyoonekana yaweza kuwa kubwa kuliko ionekanayo, na hapo hatuna ugomvi na mtu.

Ugomvi waanza katika jambo jingine. Bamba hulainisha njia ya upepo, lakini pia huziba macho. Gari lisilo na bamba likivuja oili, tone huanguka chini, na asubuhi mwenye gari huona doa penye maegesho. Doa lile ni barua: lamwambia kuwa kizibo kimelegea au gasketi imekwisha. Gari lenye bamba likivuja, tone hulala juu ya bamba, na barua haifiki. Oili hujikusanya karibu na bomba la moshi lenye moto, na mwenye gari huendelea na safari yake kwa furaha ya mtu asiyejua.

Fundi mwema ayajua hayo. Hutoboa matundu ya kutolea maji na oili. Hukata kidirisha penye kizibo cha injini, ili oili ibadilishwe bila ya kubomoa kitu. Huacha nafasi baina ya bamba na bomba la moshi, maana plastiki ikikaribia moto huyeyuka. Huacha njia ya upepo wa kupoza gia boksi. Tena hufunga bamba kwa vifungo vifunguliwavyo upesi, si kwa ribiti za milele. Fundi mbaya hufunga bamba lile lile, la kipimo kile kile, bila ya matundu wala kidirisha. Mtazamaji akiinama hataona tofauti ya maana. Na kama aona, yamkini ataisifu kazi ya fundi mbaya, kwa kuwa ni laini zaidi. Yuko na wa tatu, aliye mbaya kuliko huyo: yule afungaye bamba juu ya ufa aujuao, au apakaye lami nyeusi juu ya kutu siku moja kabla ya mnunuzi kuja. Wa kwanza amefunika chuma. Wa pili amefunika habari. Wa tatu ameufunika uwongo wake.

Tulipeleke gari hilo safarini. Likitoka Dar es Salaam kwenda Lindi litapita Kibiti, kisha litauvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na lenye urefu unaokaribia kilomita moja. Juu ya lami bamba lina heshima yake. Lakini mwenyewe akiiacha lami na kushika njia za vijijini wakati wa masika, tope litaingia juu ya bamba na kukaa kama chakula katika sahani. Litakauka, litaongeza uzito na kualika kutu, na jiwe la kwanza litaling'oa bamba zima. Hilo si kosa la bamba. Ni ukumbusho kuwa wema wa kifuniko hauko katika kifuniko peke yake, bali katika kufaa kwake mahali na katika utayari wa mwenyewe kukifungua. Fundi wa kando ya barabara, aliyelala juu ya kipande cha turubai na spana mkononi, hawezi kuponya asichoruhusiwa kukiona.

Kutoka barabara hiyo, njia ya Nyamisati hutelemka mpaka gatini, ambapo watu hupanda vyombo kwenda Mafia na katika visiwa vya delta. Huko mto hujigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na mikoko yake, iliyoenea katika hekta zipatazo 50,000, ndiyo msitu mkubwa wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Vijiji vingi vya delta havifikiki ila kwa maji. Huko suala la upande wa chini si la mbio tena. Ni la uhai.

Chombo cha mbao huanzia kwenye mkuku. Juu yake husimama mataruma, ambayo mengine hukatwa katika milango ya mikoko, hasa mlilana, kwa kuwa mti huo huota na mapindo yafaayo. Juu ya mataruma hupigiliwa mbao, na baina ya mbao hushindiliwa pamba iliyotiwa mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya kalafati. Mwishoni tumbo zima hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ambao huyazuia maji, huwatisha wadudu watobao mbao, na kukifanya chombo kiteleze. Deheni, kwa maneno mengine, ni ndugu mkubwa wa bamba la gari: hulinda, hulainisha na hufunika. Na kama bamba, deheni haisemi iliyo chini yake ni nini. Yalala sawasawa juu ya ubao mzima na juu ya ubao ulioliwa.

Lakini wana wa bahari waliweka desturi za kukizuia kifuniko kisiwe hila. Maji yakipwa, chombo hulazwa mchangani. Deheni ya zamani hukwanguliwa yote, na fundi hugonga ubao mmoja mmoja akisikiliza, maana ubao mzima hulia na ubao uliooza hunyamaza. Mpya haipakwi juu ya kuukuu kabla ya ukaguzi huo. Na ndani ya chombo iko ngama, mahali maji yaliyopenya yakusanyikapo. Baharia hutazama ngamani kila mara. Ngama ni kile kidirisha cha fundi mwema wa magari: ni mahali ambapo upande wa chini umepewa ruhusa ya kusema.

Delta hiyo hiyo yatupa mfano wa tatu, ulio mkubwa na wa kutisha. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha mitambo yake ikawa mibovu, nayo ikajificha katika mikono ya Rufiji, imepambwa kwa matawi ya miti ili adui asiitambue. Je, ile ilikuwa hila? Kwa adui, ndiyo, na vita vina sheria zake. Lakini tazama: waliomo melini hawakujificha ubovu wao wenyewe. Sehemu za boila zilifunguliwa, zikakokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, na waliobeba uzito ule ni Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa penye majina ya manahodha. Meli iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Miti iliificha kwa adui kwa muda, lakini kama wangejificha na mafundi wao, isingehitaji adui. Kumbe kitu kimoja chaweza kufunikwa kwa mmoja na kufunuliwa kwa mwingine, na haki yote imo katika kumjua nani ni nani.

Hapo twafikia kipimo tulichokitafuta. Lugha yetu haikuacha maneno haya mawili yachanganyike. Sitara ni neno la heshima: mtu humsitiri mwenzake aliyeteleza, mke na mume husitiriana, nguo husitiri mwili. Hila ni neno la lawama. Katika yote mawili kitu kimefunikwa. Sitara ni kifuniko ambacho yule ambaye uhai wake, mali yake au imani yake vimewekwa juu ya kitu hicho aweza kukifungua, yeye mwenyewe au kwa mkono wa fundi amwaminiye. Hila ni kifuniko kilichofungwa dhidi ya mtu huyo huyo. Haidhuru kwamba mpita njia haoni. Mpita njia hakukabidhi kitu. Abiria amekabidhi. Ndiyo maana daktari aifichaye siri ya mgonjwa kwa majirani ni mwema, na aifichaye kwa mgonjwa mwenyewe hana budi kujibu maswali. Na wazee walikwisha sema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtu mmoja aweza kupinga hivi: chombo chenye ubao mmoja mbovu kimekwenda Mafia mara kumi na kurudi, nani amedhurika? Jibu ni kuwa abiria wa mara zote kumi wamedhulumiwa, ingawa hawakuzama. Walipimiwa hatari bila ya kuulizwa. Kufika salama kulikuwa bahati, na bahati haimlipii fundi deni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwenye chombo ni maskini. Hana fedha ya ubao mpya, na msimu ukipita watoto wake hawatakula. Amwambia fundi, "Paka tu, tutaona mwakani." Fundi naye ana watoto. Sitaki kumhukumu kwa wepesi mtu aliyesimama hapo, kwani wengi wa wanaohukumu hawajawahi kusimama hapo. Lakini umaskini hupunguza lawama ya fundi. Haupunguzi kina cha maji. Linalomwezekana ni kupaka penye uzima na kupaacha wazi penye ubovu, na kumwambia nahodha: ubao huu umekwisha, punguza shehena, usipakie watu. Hapo hatari imebaki, lakini imepata mwenyewe anayeijua. Umaskini ulikuwa msiba wa mtu mmoja. Deheni ingeugeuza kuwa msiba wa watu ishirini wasio na habari.

Wala sisi wa vyuoni tusicheke mafundi kutoka dirishani. Insha nayo ina tumbo. Lugha laini ni bamba letu: hupitisha fikira bila ya kugonga, na hiyo ni kazi njema. Lakini ufasaha huweza pia kulala juu ya hoja iliyooza, na msomaji, kama abiria, huona rangi tu. Mwanafunzi afichaye ushahidi unaopinga neno lake amepaka deheni juu ya ubao ulioliwa. Tanbihi za kweli, takwimu zilizoelezwa zilivyopatikana, na mipaka ya utafiti iliyotajwa waziwazi ndiyo matundu na vidirisha vya kazi yetu. Huharibu kidogo ulaini wa ukurasa, kama kidirisha kiharibuvyo kidogo ulaini wa bamba. Fundi mwema hukubali hasara hiyo.

Basi na afunike afunikaye. Upepo wataka njia laini, bahari yataka deheni, na mwanadamu ataka sitara, maana hakuna awezaye kuishi tumbo wazi mbele ya watu wote. Lakini kabla ya kukaza kifungo cha mwisho, fundi na ajiulize ni nani atakayesafiri juu ya kazi hii, na kama mtu huyo akitaka kuona chini, ataona.