Ufunguo wa Lango Anao Nani?

Muhula uliopita, katika shule moja ya binafsi hapa Eldoret, wazazi tuliitwa mkutanoni kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa utovu wa nidhamu: wavulana wa gredi ya nne walipenya chini ya seng'enge, wakateremka hadi kijitoni, wakarudi na viluwiluwi kwenye chupa ya maji. Walikuwa wamesimamishwa masomo. La pili lilituhusu sisi. Tulisihiwa tupunguze muda wa watoto mbele ya skrini, tuwape fursa ya kujifunza kutokana na maumbile. Nje ya dirisha, palipokuwa uwanja wa nyasi, lori lilikuwa likimwaga kokoto za maegesho. Hakuna aliyecheka.

Tangu hapo, mtu akinihubiria kusawazisha skrini na maumbile, namuuliza kwanza ufunguo wa lango anao nani. Skrini tunaijua. Maumbile ni yaliyopo bila sisi kuyatengeneza. Hiari ni kutenda upendalo bila kushurutishwa. Tusikawie hapo.

Wanaoogopa bodaboda barabarani na mto Sosiani ukifurika wana haki. Wanaokumbusha kwamba shule zilipofungwa Machi 2020 ni runinga, redio na simu zilizobeba masomo, wana haki vilevile. Anayenichemsha damu ni yule anayeinua mabega na kusema, "Lakini watoto wa siku hizi wenyewe hawataki kutoka nje."

Hawataki! Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliwahi kumwaza mtu aliyebebwa usingizini akawekwa chumbani pamoja na rafiki aliyetamani sana kumwona, kisha mlango ukafungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anabaki. Anabaki kwa kupenda kwake, asema Locke, lakini huru hayuko, kwa kuwa hata angetaka kuondoka asingeweza. Sasa mtazame mtoto wa Kapsoya au Elgon View: geti la chuma, askari mlangoni, ploti ya jirani iliyokuwa malisho sasa ni ghorofa, na kochini kuna simu ya mama. Anacheka na simu. Sisi tunakiita kicheko hicho ushahidi kwamba amechagua.

Na simu hiyo hakuiokota njiani. Serikali iliahidi vipakatalishi kwa darasa la kwanza mwaka 2013. Kufikia 2016 vikawa vishikwambi, na Chuo Kikuu cha Moi, chetu hapa, kikashirikiana na kampuni ya Kireno ya JP SA Couto kuvitoa. Sikumbuki mtoto wa miaka sita akiulizwa. Tulimwambia kioo ndicho kesho yake, kisha tukamlaumu kwa kutuamini.

Kuna hadithi ya sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi akasema ni mbichi. Sungura yule afadhali: ndizi aliziona, akaruka, akaanguka. Mtoto wetu anasingiziwa kuzikataa ndizi ambazo hajawahi kuonyeshwa mgomba wake.

Mpinzani wangu hapo huleta mtoto wa mashambani: "Mbona yule anakimbia?" Kweli, mwaka 2012 Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha vijana wa mjini na wa mashambani nchini, na wa mashambani ndio waliojongea zaidi na kuketi kidogo. Lakini je, yule alizaliwa na hamu tofauti? Shule iko mbali, maji yako bondeni, ndama wamepotea. Naye hakuulizwa. Kumsifu kwa kupenda maumbile ni uongo uleule, umegeuzwa tu upande.

Nikifika hapo huwa nawaza senetwet. Ndio mmea ambao mkaa wake hutumika kupaka ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Una maua ya manjano, na matumba yake meusi hutangulia kama ncha ya mshumaa uliozimwa. Ukiyafikicha majani yake, vidole hunuka bisi zilizokaangwa sasa hivi. Nyanya yangu hakuniambia jina lake kwanza. Alinipa jani, akangoja uso wangu ubadilike. Ladha ya maziwa yale, na rangi yake ya buluu-kijivu ambayo wageni huiogopa, zinaanzia kwenye kichaka ambacho mtoto wa leo hupita akiwa ndani ya basi la shule. Nimeona video nzuri sana za kutengeneza mursik. Hazinuki. Ila ni kupitia mojawapo ya video hizo ndipo binamu yangu aliyeko Dallas alijua mkaa hutoka wapi, na siwezi kujifanya hilo ni dogo.

Likizo ya Agosti tulimpeleka mpwa wangu msitu wa Kaptagat. Geti halikuwepo, askari hakuwepo. Muda mfupi tu akaomba ufunguo wa gari, akachukue simu. Mpinzani wangu angeshangilia. Mimi nilijiuliza mlango uliofungwa miaka tisa uachwe wazi muda gani kabla hatujasema anayebaki ndani amechagua. Locke alimwacha mtu wake chumbani, hakutueleza. Siku moja ni kidogo mno, bila shaka. Muhula mmoja? Na kama baada ya muhula bado anataka simu, sijui kama nitakuwa na la kumjibu mtu yule mwenye mabega, au nitaongeza muhula mwingine kwa sababu tu sikulipenda jibu.