Je, Uhuru Waishia Mlangoni pa Nyumba?

Liko swali moja ambalo wataalamu wengi wa siasa walilipita pembeni kwa muda mrefu, nalo ni hili: Je, nchi yaweza kuitwa ya demokrasia kweli, ikiwa watu wake ni sawa mbele ya sanduku la kura, lakini si sawa nyumbani mwao? Wengi watajibu upesi kwamba mambo ya serikali ni ya serikali, na mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Jibu hilo lina sura ya busara. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi leo na tufungue.

Mwalimu atakayetusaidia ni Profesa Carole Pateman, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1940. Bibi huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaenda kufanya kazi. Mwaka 1963 aliingia Ruskin College mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya elimu ya juu. Tangu mwaka 1972 alifundisha Sydney huko Australia, na tangu mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa elimu ya siasa, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Johan Skytte ya nchi ya Sweden.

Kitabu chake cha kwanza, *Participation and Democratic Theory*, kilitoka mwaka 1970. Siku zile wataalamu wengi walifuata fikira za Joseph Schumpeter, aliyeandika mwaka 1942 kwamba demokrasia ni njia tu ya kuwapata watawala kwa kushindania kura. Raia achague, kisha anyamaze. Tena wengi waliogopa umati wa watu, kwa kuwa walikwisha kuona jinsi Hitler alivyoungwa mkono na maelfu kwa maelfu. Pateman alijibu kwamba ushiriki wenyewe ndio shule ya raia. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kusimama ufukoni. Naye aamrishwaye kiwandani tangu asubuhi hata jioni, pasipo kuulizwa neno hata moja, atapata wapi moyo wa kutoa shauri katika mambo ya nchi?

Hoja hii ikikubaliwa, haiwezi kusimama langoni pa kiwanda. Kama mahali pa kazi pamfundisha mtu uhuru au utumwa, nyumba yamfundisha zaidi, maana ndiko aanzako. John Stuart Mill alikwisha kuliona jambo hili mwaka 1869, alipoandika juu ya hali ya wanawake waliowekwa chini ya waume. Hata hivyo yeye naye alidhani kwamba mwanamke aolewapo huwa amechagua kazi za nyumbani ziwe kazi yake. Pateman alimwuliza: Je, mtu afungwaye nyumbani atajifunza wapi mambo ya uraia unayoyasifu?

Mwaka 1988 profesa huyu alitoa kitabu kilichosomwa na kubishaniwa kuliko vyote alivyoandika, *The Sexual Contract*. Humo aliwapima wanafalsafa waliofundisha kwamba serikali ya haki hutokana na mapatano ya watu huru. Mmoja wao ni John Locke. Huyu aliwapinga vikali waliosema kwamba mfalme hutawala kama baba apendavyo. Lakini alipofika kwa mume na mke alisema kwamba wakikosa kupatana, lazima neno la mwisho liwe kwa mmoja wao, na kwamba kwa maumbile humwangukia mwanamume, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo na nguvu zaidi.

Hapa na tusimame kidogo. Ikiwa nguvu hazimpi mfalme haki ya kutawala, zawezaje kumpa mume? Washirika wawili wa biashara wakikosana, hatusemi mwenye misuli mikubwa ndiye aamue. Mwenye nguvu mpishe ni shauri jema kwa mtu akutanaye na mbabe njiani. Si msingi wa haki.

Wala jambo hili si maneno matupu ya wenye elimu. Katika Uingereza, jaji Matthew Hale aliacha maandiko yaliyochapishwa mwaka 1736, baada ya kufa kwake, yasemayo kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumnajisi mkewe kwa nguvu, kwa sababu mke alikwisha kutoa ridhaa yake siku ya ndoa, na hawezi kuitangua. Mwaka 1980 Pateman aliandika juu ya wanawake na ridhaa, akaonyesha aibu hii: nchi zijivuniazo kutawaliwa kwa ridhaa ya watu zilihesabu kukataa kwa mwanamke kuwa si kitu. Baraza la mwisho la rufani la Uingereza lilikomesha kanuni hiyo mwaka 1991. Wanawake wa huko walikuwa wamepiga kura sawa na wanaume tangu mwaka 1928! Yaani kwa miaka 63 mwanamke aliweza kumwondoa waziri mkuu kwa kura yake, lakini sheria haikusikia neno la "sitaki" nyumbani mwake.

Wako watakaosema: Ndoa ni ahadi ya kudumu; kama ridhaa yaulizwa kila siku, ahadi imebaki wapi? Swali hili ni zito, nasi tunaoheshimu ndoa hatuwezi kulidharau. Lakini kuahidi kukaa na mtu maisha yote si kumkabidhi ulimi wako. Ahadi huwafunga wawili, wapendane na kutendeana haki. Ikimfunga mmoja na kumfungua mwingine, hiyo si ahadi tena, ni kumiliki.

Wengine watacheka na kuuliza kama twataka kupiga kura jikoni. La. Katika kura ya watu wawili hakuna walio wengi. Ndiyo sababu nyumba yahitaji kitu kigumu kuliko kura: kusikilizana mpaka neno lipatikane, na leo huyu akubali, kesho yule.

Hatusemi kwamba kila neno la Profesa Pateman lakubalika. Yeye huona mapatano mengi kuwa njia ya mmoja kumtawala mwingine, na wako wanaoona kwamba amezidisha. Lakini swali lake halikwepeki. Mtu asimamaye mkutanoni kudai uhuru, kisha akirudi kwake hakuna athubutuye kumpinga, anawafundisha watoto wake nini? Wanawe wajifunza kuamuru, na binti zake kunyamaza. Miaka ishirini baadaye ndio hao wapiga kura, na ndio hao watawala.

Basi, msomaji, kabla ya kuipima serikali yako, jiulize ni nani nyumbani mwako awezaye kukuambia "hapana" bila kuogopa.