Wito wa Mtandaoni na Amana ya Kura katika Delta ya Rufiji

Anayeingia mubashara mtandaoni na kuwahimiza maelfu wakapige kura anawaomba jambo zito kuliko kumsikiliza. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliihesabu kura kuwa ushahidi, uombezi na uwakala kwa pamoja. Kwa mtazamo huo, anayemchagua asiyefaa ametoa ushahidi wa uongo, na aliyemhamasisha ana fungu lake. Hawezi kujivua kwa kudai kwamba alitoa maoni tu.

Katika wilaya za Rufiji na Kibiti nchini Tanzania, ambako Waislamu ndio wengi, swali la dhamana hiyo halimalizikii kwa msemaji. Kutoka Nyamisati kwenda vijiji vya mikokoni watu husafiri kwa boti na mitumbwi, wakisubiri maji yajae. Mkulima wa mpunga aliye dunguni akilinda shamba huenda asiyaone matangazo yenyewe. Huyaona kijana mwenye simu na bando, kisha maneno husimuliwa upya barazani, yakipunguzwa hapa na kuongezwa pale. Aya ya 6 ya sura ya Al-Hujurat inaagiza habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi. Mzigo huo unamwangukia zaidi msimulizi wa kijijini, maana yeye ndiye anayejulikana na kuaminiwa. Wingi wa wafuasi wa yule wa mbali hauthibitishi chochote.

Mwaka 2025, kuelekea uchaguzi mkuu, ulizuka pia wito wa kinyume. Chama cha upinzani cha Chadema, kwa kaulimbiu yake ya kudai mageuzi kabla ya uchaguzi, ilisambaza mtandaoni hoja ya kutoshiriki. Aya ya 283 ya Al-Baqara inakataza kuficha ushahidi, na wapo wanaoitumia kulaani kususa. Hoja yao ni dhaifu pale mpiga kura anapoamini kwa dhati kwamba ushahidi wake hautapokelewa kama alivyoutoa: kukataa hadharani si kuficha.

Mtandao wa X ulifungiwa Tanzania Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hoja ya usalama inayotumiwa kutetea hatua kama hizo haipuuzwi Kibiti, palipoumizwa na mauaji ya mwaka 2017. Hata hivyo, kuzima mtandao hakuzimi tetesi. Tetesi huendelea kupanda boti, na msimulizi aliyeagizwa kuchunguza anakosa pa kuchunguzia, kwa uamuzi wa mwenye mamlaka ambaye naye amekabidhiwa amana ya watu hao.