Fedha ya Umma na Mtihani wa Wema

Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 15 kupambana na UKIMWI kupitia mpango wa PEPFAR. Sharti likawekwa: theluthi moja ya fedha za kinga ifundishe kujizuia hadi ndoa. Kampala, Uganda, sharti hilo lilikuta wanaolisubiri. Mchungaji Martin Ssempa alichoma kondomu Chuo Kikuu cha Makerere, na Janet Museveni, mke wa Rais, aliwahimiza vijana kutunza ubikira. Mwaka 2004 kondomu za Engabu, zilizogawiwa bure na serikali, ziliondolewa kwa shaka ya ubora. Kondomu zikaadimika.

Je, hazina ya umma ina haki ya kumpima mtu wema kabla ya kumkinga na kifo?

Wahubiri hawakuwa wakidanganya. Kujizuia kunakinga, na uaminifu ulichangia kupunguza maambukizi Uganda miaka ya 1990. Ila sharti lilimsahau mwanamke aliyejitunza, akaolewa, akawa mwaminifu, kisha akaambukizwa na mumewe kitandani mwake. Huyo alitii kila neno la mahubiri.

Jibu zuri zaidi lilitoka ndani ya dini zenyewe. Jumuiya ya Kiislamu ya Tiba ya Uganda iliwafunza maimamu wafundishe kinga misikitini. Mwanzoni kondomu ilikataliwa. Baada ya mashauriano na viongozi, ikaingizwa katika mafunzo, kwa kuwa kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia. Kanoni Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana alitangaza mwaka 1992 kwamba anaishi na VVU, akasimama madhabahuni bila aibu. Hawa hawakuiacha imani. Walikataa tu uhai wa mtu uwe zawadi ya mwenye tabia njema.

Sharti lililegezwa mwaka 2008, lakini mtihani ulirudi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Ilipoanza kuachilia baadhi, dawa za kuzuia maambukizi ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wengine, wakiwemo wanaouza ngono na wanaume wanaojamiiana na wanaume, waliachwa nje.

Uganda isiyaachie maamuzi haya Washington. Sheria yake ya mwaka 2014 iliunda Mfuko wa UKIMWI, utakaopata asilimia 2 ya kodi za bia, waragi, soda na maji ya chupa. Bia inalipa kodi hiyo tayari. Wabunge waidai sehemu ya mfuko kila bajeti, na zahanati impe kinga kila anayeiomba.